Trepie ya Tonton Bisimwa

Wakati wetu, picha ilianzia kwenye viatu. Wewe uliyekulia Bagira, hapa Bukavu, miaka ile unajua ninachosema. Hakuna aliyejali sana kama umecheka au umenuna, kama jua limekupiga usoni au ndugu yako amefumba macho, mradi viatu vyote viwili vimeonekana. Picha iliyokatwa kwenye magoti ilirudishwa kwa mpiga picha kama samaki aliyeoza. Viatu vilikuwa ushahidi kwamba baba amejikaza, na tena picha yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya koko, bibi yetu mzaa mama, aliyebaki kijijini Burhinyi. Ilitiwa ndani ya bahasha, akapewa msafiri, na huko koko aliishika mbali na macho yake mabovu na kuamua kama mji unatulisha au unatumaliza.

Mpiga picha wa mtaa wetu alikuwa tonton Bisimwa, ndugu mdogo wa mama, aliyekaa kwetu. Alikuwa mrefu kupita adabu. Alipolala, miguu yake ilitoka kitandani, mama akaiwekea kigoda chini. Sisi watoto tulijipima kwenye mkanda wa suruali yake ili kujua nani amekua. Kila Jumapili mama alimwambia maneno yaleyale: "Bisimwa, kanisani ukae nyuma kabisa. Batu banaokaa nyuma yako, nabo banatoaka sadaka."

Alikuwa na trepie, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, aliyoachiwa na mpiga picha mwingine, mtu mfupi. Ilimfika tonton kifuani. Kwa hiyo alifanya kazi yake yote ameinama, kama mtu anayechungulia ndani ya sufuria ya jirani. Harusi ikiisha, alirudi nyumbani mgongo umekauka, akalala kifudifudi kwenye mkeka. Mama aliacha sombe, majani yake ya muhogo, motoni, akaja kumkanda kwa mafuta ya moto, huku sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakikaangika na harufu mbili zikigombana chumba kizima. Sisi tulicheka. Mama hakucheka. "Mutu murefu anaanza kuzeeka na mugongo," alisema, na alikuwa anaogopa kweli, kwa sababu muuguzi wa kituo cha afya alikuwa ameshamwambia tonton achague: mgongo au kazi. Na tonton hakujua kazi nyingine.

Ndipo akaenda soko la Kadutu kutafuta trepie ya urefu wake, nasi wengine tukamfuata, maana wakati ule kwenda Kadutu kulikuwa kama kwenda Ulaya. Muuzaji alimwonyesha moja ya kung'aa, nyepesi kama mwavuli. Tonton akaivuta shingo mpaka ikamfika machoni, akaigusa kwa kidole. Ikatetemeka.

"Hii inatetemeka juu ya nini?"

"Haitetemeke, papa. Ni upepo."

"Tuko ndani ya nyumba."

Tonton akatufundisha palepale kama vile sisi ndio wanunuzi: trepie inayokufikia kwa kuvutwa shingo haijakufikia. Miguu yenyewe ndiyo inapaswa kufika. Akaenda kwenye kona, akavuta nyingine ya mbao, nzito, iliyokuwa ya wapima viwanja, yenye vyuma vya ncha chini. Akaegemea juu yake kwa viganja viwili na uzito wake wote, kama mtu aliyechoka anavyoegemea kaunta ya baa. Haikusogea. Akaisokota, akaipiga teke mguu mmoja mmoja, akaikaza vifungo. Kisha akasimama nyuma yake, wima, na ikamfika machoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona nyuma ya trepie akiwa na urefu wake wote. "Unataka kupiga foto ao kupima parcelle ya kujenga?" muuzaji akamuuliza. Tonton alikuwa ameshaibeba begani.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Komunyo ya Kwanza, siku iliyolisha mpiga picha nusu mwaka. Mimi nilikuwa mmoja wa wenye soksi nyeupe. Tonton alisimama mbele ya kanisa amenyooka kama mkaritusi, akapiga picha familia moja baada ya nyingine, hakulalamika hata kidogo, na jioni alikula bugali amekaa vizuri kwenye kiti. Mama alimshukuru Mungu.

Picha ziliporudi kutoka kusafishwa, zilikuwa safi ajabu. Hakuna hata moja iliyotikisika. Lakini kamera ilikuwa imetuangalia kutoka machoni pa tonton, na machoni pa tonton watu wote wa Bagira walikuwa wafupi. Vichwa vikubwa, miguu midogo, na viatu kule chini mbali kama mali ya mtu mwingine. Baba yangu, mtu aliyeheshimika, alionekana kipara chake kwanza. Maman Furaha, mkuu wa akina mama wa parokia, alikuja mwenyewe na bahasha mkononi.

"Bisimwa, ulinipiga foto ao uliniangalia ku dirisha ya etaji, kule juu?"

"Maman, foto iko safi."

"Safi, ndiyo. Ninaonekana muzuri sana, mufupi."

Akasema kwamba kama familia zote hazitapata picha za heshima, mwaka ujao parokia itaita mpiga picha wa mjini. Wengine nao wakarudisha. Mbaya zaidi, mama alikuwa ameshatuma yetu Burhinyi. Jibu la koko lilifika juu ya lori: gunia la maharagwe, na ujumbe wa mdomo kwamba batoto bamekwisha, warudishwe kijijini kabla hawajapotea kabisa.

Tonton akafupisha miguu ya trepie, akajaribu kuinama tena. Mgongo ulikataa. Alibaki amejikunja kama kisu, mama na baba wakamshika huku na huku kumrudisha kitandani. Siku hizo hakupiga picha. Alikwenda tu kukaa kwenye jiwe karibu na bomba la maji, chini ya mteremko, kwa sababu alisema jiwe lile linamfaa mgongo. Siku moja mama alikuwa akishuka hapo juu yake na beseni la nguo kichwani.

"Dada, simama hapo."

"Nisimame ndani ya matope juu ya nini?"

"Uko murefu."

"Yesu. Mugongo imeshapanda ku kichwa."

Lakini alisimama, na tonton akamwangalia kutoka chini, viatu kwanza, kisha kitenge, kisha beseni, mpaka mawinguni. Sisi watu wa Bukavu tunalaani milima yetu kila siku tunapopanda na mizigo. Tonton alikuwa wa kwanza kuipa kazi. Akaziita familia zote zivae upya, akazipanga juu ya mteremko nyuma ya kanisa, yeye akashuka chini na trepie yake ya mbao, akaurefusha mguu wa upande wa bonde, akachoma vyuma vyake kwenye udongo mwekundu, akapiga akiwa amesimama wima. Tulitoka warefu sote, hata Maman Furaha, ambaye alichukua nakala za ziada. Koko alipoona picha mpya, alitaka tu kujua kama ni yale maharagwe yake yaliyoturefusha.

Mimi nimerithi urefu wa tonton, sikurithi utulivu wake. Nimekaa Kamanyola, Uvira, Kalemie, Kolwezi, na kila mahali nilipozoea, nilifunga begi. Mwaka huu nimerudi Bagira, nikamkuta tonton mzee, hana fimbo, mgongo wake umenyooka kuliko wangu. Ilikuwa Komunyo ya mjukuu wake. Binti mmoja akachomeka simu kwenye kifimbo chembamba, akakiinua juu ya vichwa vyetu vyote. Kifimbo kilitetemeka, hakuna aliyejali.

"Koko, angalia huku juu," akamwambia tonton, maana kwetu babu naye ni koko.

"Juu ni wapi? Mimi ndiye juu."

Akatuonyesha picha. Vichwa vikubwa, mapaji ya uso yaking'aa, tumeishia kifuani. Ni kama zile za zamani tulizozirudisha kwa hasira. "Iko muzuri," binti alisema, "tunaonekana bakonde, bembamba." Tonton aliishika simu mbali na macho yake, akaitazama sana.

"Na bilatu?" akauliza, akivitafuta viatu vyetu chini ya picha.

"Bilatu ya nini, koko?"

Akamrudishia, akacheka kidogo, akaomba chai.

Usiku ule nilifungua simu yangu mwenyewe. Nimejipiga picha kila mji niliopita, nimeinua mkono kama wao, na kila picha ni uso wangu na kipande cha anga. Siwezi kukuambia ipi ni Uvira na ipi ni Kolwezi. Ile ya Komunyo yangu mama bado anayo ukutani. Ndani yake nina soksi nyeupe, viatu vya ukubwa uliozidi, na chini ya viatu kuna mteremko, majani yaliyokanyagwa, udongo wa Bagira. Ukiniuliza nilikuwa wapi siku hiyo, sihitaji kukumbuka. Inaonekana niliposimama.