Marehemu Dada Yangu Alinipakulia Chakula Ng'ambo ya Mpaka

Admin, naomba unifichie jina langu na la shule ninayofundisha, maana Songea watu tunafahamiana.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mshangano na mume na watoto watatu. Wawili kati yao sikuwazaa mimi. Ni wa dada yangu wa tumbo moja, ambaye miaka tisa iliyopita tuliambiwa amekufa maji mto Ruvuma. Alikwenda shambani kwao karibu na mto, kule mpakani na Msumbiji, jioni kanga na ndala zake zikakutwa ukingoni. Watu walitafuta siku nne, wakasema ni mamba. Tukaweka matanga bila mwili.

Mtoto wake wa pili alikuwa na miaka miwili. Mama akaniomba niende kwa shemeji nikawalee. Nilikwenda na begi moja, nikijua ni kwa muda tu. Mwaka ulipopita wazee wa pande zote mbili walikaa, wakasema watoto wasije wakalelewa na mtu baki, na shemeji ni mtu wa watu, basi niolewe mimi. Sikukubali, ila pia sikukataa.

Mtu wa watu ni huko nje. Ndani ananipiga. Usoni hagusi kwa sababu nasimama mbele ya wanafunzi. Simu yangu anaikagua kila jioni. Nilipomweleza mama, alilia, kisha akasema, "Vumilia mwanangu. Hao watoto wa marehemu utamwachia nani?"

Likizo iliyopita walimu tulipanga safari ya siku moja kwenda kuona maziwa madogo ya milimani upande wa Msumbiji. Mwalimu mkuu mwenyewe alimpigia mume wangu kuniombea ruhusa, ndipo akakubali. Tuliondoka alfajiri. Tulipovuka mpaka tukapokelewa na mtembezaji mmoja mcheshi, Kiswahili chake kimechanganyika na Kinyasa, akatupandisha mlimani kwa miguu kwa muda wa saa mbili hivi. Kule juu ni baridi, ukungu unapita juu ya maji, na maziwa yako matatu, kila moja na bonde lake. Nilicheka siku ile mpaka wenzangu wakanishangaa.

Mchana mtembezaji akasema kuna mama wa kijijini huwa anawapikia wageni. Tukapanga foleni. Nilipopokea sahani niliuona mkono unaopakua. Kidole cha mwisho kimepinda. Kidole hicho nilikivunja mimi, nikiwa na miaka sita, kwa mchi, tukitwanga mahindi nyumbani. Nikainua macho. Alikuwa dada.

Sikupiga kelele, sijui kwa nini. Yeye alisema kwa sauti ya chini, "Pita nyuma ya jiko."

Nyuma ya jiko nilimwambia, "Dada, sisi tulikulilia."

"Najua."

"Mama presha yake haijashuka tangu siku ile."

Akakaa chini kwenye majani. "Yule mwanaume angeniua. Asubuhi ile alinikaba shingo mbele ya watoto. Nyumbani nilishakimbilia mara tatu, na mara tatu mama alinirudisha. Nikaacha ndala pale, nikavuka kwa mtumbwi." Kisha akauliza, "Wanangu wako kwa mama?"

"Wako na mimi."

"Mama amekupa wewe uwalee?"

"Nimeolewa mimi, dada. Na yeye."

Alinishika mkono, akapandisha sweta langu, akaona alama. Akajifunika uso kwa kitenge. "Nisamehe, mdogo wangu. Sikujua kama wangekupeleka wewe."

Nilimwomba arudi, akakataa. Ana mume mwingine kule na mtoto. "Ukisema umeniona, atanifuata mpaka huku. Nyamaza. Au njoo na wewe." Nikamuuliza nitakujaje na watoto watatu bila baba yao kujua. Mtembezaji alikuwa anatuita, tuwahi mpaka kabla haujafungwa.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Kuna siku namchukia dada. Yeye alitoka, mimi nikaingizwa palepale alipotoka. Siku nyingine namwonea wivu, naona haya kusema lakini ndiyo ukweli. Na kuna picha ya pamoja tuliyopigwa na mtembezaji. Dada anaonekana nyuma, ameinamia sufuria, uso nusu. Kwangu nimeifuta, ila iko kwenye simu za walimu wenzangu wote, na mume wangu anafahamiana nao.

Sasa kubwa lililonileta hapa ni hili. Jumapili iliyopita mama alituita kwake Madaba. Amepata fundi wa kumjengea dada msalaba wa zege kwenye makaburi ya ukoo, ili roho yake ipumzike. Mume wangu amejitolea saruji, watu wakampigia makofi. Binti mkubwa wa dada, miaka kumi na nne, ndiye atakayesoma sala. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nimepewa kazi ya kuandika maneno atakayochonga fundi: jina, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa. Anayataka keshokutwa.

Jana mama alipiga simu. "Mwanangu, umeshaandika?" Nikasema bado. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, akauliza, "Kinachokushinda nini?"

Nikisema, namfichua dada. Nikinyamaza, nitasimama pale nimwangalie yule binti akimwombea marehemu mama aliye hai, na mimi nitaendelea kukaa humu ndani. Ndugu zangu, nifanyeje? Msinitukane. Na anayeniambia niondoke, aniambie na watoto hawa watatu nawapeleka wapi. Karatasi iko mbele yangu, nimeandika jina lake na siku aliyozaliwa tu.