Feni za Kiwanda cha Chai

Watu wa Mufindi wakikusimulia mgomo wa kiwanda chetu cha chai, watakwambia dada yangu aliwauza. Mimi nilikuwepo, na nasema ni uongo.

Tulifanya naye kazi chumba cha kunyaushia majani. Yeye alikuwa msimamizi wa zamu, na ndiye aliyewashawishi wenzetu kugoma. Tulichoshwa na mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mtu anazeeka akiwa kibarua. Asubuhi ile tukazima feni za kupulizia majani hewa, tukatoka wote, tukakaa getini na makoti yetu kwenye ukungu. Kiwanda kilikuwa kimya, na kimya kile kilitupa kiburi.

Lakini majani yalikuwa yameshatandazwa ndani. Majani ya chai yakikosa hewa hupata moto, yakawa mekundu, yakaharibika. Mengine aliyachuma mama yetu jana yake, huku mgongo ukimuuma. Nilivumilia mpaka adhuhuri, nikaaga naenda kujisaidia. Nikapita mlango wa nyuma wa kuingizia kuni, nikawasha feni. Nilidhani nitayapoza kidogo kisha nizime. Mikono ilikuwa imezoea, akili haikuulizwa.

Mngurumo ukasikika mpaka mashambani. Getini kila mtu akaamini wenzake wamesharudi kazini, akaogopa kuachwa. Wakaingia mbio, wakisukumana. Mgomo ukafa palepale.

"Nani kawasha?" wakauliza jioni, baada ya zamu.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Dada alinitazama mara moja tu.

"Mimi," akasema.

Wenzetu wakamsusa. Menejimenti nayo ikamfukuza, kwa kuongoza mgomo. Akaenda Nyololo kuuza viazi barabarani, na waliomfahamu wakawa wananunua kwa jirani yake. Kila nilipomwambia nitasema ukweli, alinikatiza.

"Maji yashamwagika, mdogo wangu. We lea mtoto kwanza. Mi nshazoea."

Nami nikalea. Naona aibu kuandika kwamba nilifarijika kila aliponikataza.

Tumemzika mwaka huu. Kutoka kiwandani hakuja mtu, hata wa kusaidia kuchimba kaburi. Mchungaji akaita neno la familia. Binti yangu, sasa mtu mzima, akanishika mkono tukasimama. Nikasema marehemu alikuwa mcheshi, tena alipenda sana kwaya. Nikawashukuru waliofika, nikaketi.