Kadi Iliyolala Mwaka Mzima

Uvumilivu uliniisha saa moja asubuhi, mwanangu ana titi mdomoni na mkono mmoja kwenye uji wangu. Nilikuwa nasoma kwenye simu tangazo la watu wanaotunza dreva ya kadi yangu ya mtandao, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi inayochomekwa waya wa intaneti. Wanaitunza kwa kujitolea, wala hawanijui. Walikuwa wanajadili kama kipengele cha kuamsha kompyuta kwa mbali bado kina faida. Kadi zenyewe za zamani, kazi ya kukitunza kubwa, na mmoja wao akaandika: "Hatudhani kuna mtu bado anakitumia."

Hatudhani! Nikasimama, mtoto ananing'inia. Mtu mwenyewe si ndiye mimi!

Nina kaduka ghorofa ya tatu Kariakoo, nachapa lebo za wauza nguo. Nyumbani ni Ilala. Tangu nijifungue, kila asubuhi nabonyeza kitufe kwenye simu, kadi inaiamsha kompyuta ya dukani, nami napanga lebo humo kupitia simu nikiwa kitandani na mtoto. Saa nne ndiyo naenda kufungua na kuchapa. Kipengele kikiondolewa, itabidi nitoke alfajiri na mtoto mgongoni, nikwepane na mikokoteni, nipande ngazi zote zile kwenda kubonyeza kitufe. Na zile saa tatu za asubuhi ndizo pekee ambazo sifokei mtu.

Nikaandika kurasa tatu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini maneno ya kuwakomesha niliyapata yote. Kabla sijatuma nikaona wameomba kila anayepinga ajaribu kwanza: azime kompyuta, aiamshe kwa kadi, awaambie ilivyokuwa. Nikasonya. Kujaribu nini, na mimi nafanya hivyo kila siku ya Mungu?

Mchana nikiwa dukani nikaizima, nikabonyeza simu. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikachomoa waya, nikaupuliza kama mtu anayejua anachofanya, nikachomeka, nikabonyeza mara kumi. Kimya. Msimamizi wa jengo akachungulia mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Unagombana na nani humu peke yako?"

"Na kompyuta. Kila asubuhi naiamsha kutoka nyumbani, leo imenigomea."

"Wewe unaiamsha?" Akaegemea mlango, anajichekea. "Hiyo naiamsha mimi."

"Mzee, una ufunguo wa duka langu?"

"Ufunguo wa nini? Jioni nikifunga geti nashusha meni swichi, nazima umeme wa jengo zima, tangu lile duka la mapazia lilipofuka moshi. Asubuhi nikiipandisha, hiyo yako inalia piii yenyewe. Mi najisemea, haya, mama wa lebo kaingia kazini."

Nikakaa juu ya boksi la karatasi. Nikaiwasha kwa kidole, nikaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa. Fundi aliyeniuzia aliweka kwamba umeme ukirudi, iwake. Sehemu ya kuamshwa na kadi hakuigusa kabisa. Mwaka mzima nilikuwa naibonyezea kompyuta iliyoamka zamani. Na kuna siku nilibonyeza mapema, ikakataa, niliwatukana watu wa intaneti, kumbe mzee alikuwa hajafika tu.

Saa zangu tatu hazikuwa zimeguswa na mtu. Zile kurasa tatu nikazifuta. Lakini mimi si mtu wa kupanda na hasira halafu nishuke mikono mitupu, na kosa lao nilikuwa nimeliona. Niliandika hivi, nikatuma:

"Kwa watunzaji wa dreva.

Yah: Malalamiko kuhusu kipengele cha kuamsha kompyuta.

Mimi ni mtumiaji mliyedhani hayupo. Nimejaribu kama mlivyoagiza: hakifanyi kazi, na kwangu hakijawahi kufanya kazi hata siku moja. Ninacholalamikia ni kwamba muda wote huo dreva yenu imekuwa ikiniandikia 'kimewezeshwa', wakati kwenye kompyuta kimezimwa. Nawaomba mrekebishe maneno hayo, kwa sababu kuna watu wanayaamini. Kuhusu kukiondoa, kwa upande wangu kiondoeni. Ninaamshiwa na mzee wa getini, naye hahitaji dreva.

Wenu, mama wa lebo."