Koti la Mlangoni

Kabla sijarudi Kibaha nilikuwa mhudumu wa chumba cha kulia kwenye meli ya watalii, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kuaibisha watu. Kampuni ilikuwa na jina zuri zaidi la kazi hiyo. Usiku wa mavazi rasmi nilisimama mlangoni, nyuma yangu kabati la makoti meusi, na kila mwanamume aliyekuja bila koti nilimpa moja la kuazima. Bila koti hakuna kukaa mezani. Makoti yenyewe yalishonwa mapana ili yamtoshe yeyote, kwa hiyo hayakumpendeza mtu. Mabega yalining'inia, mikono ilifunika vidole, na ukumbi mzima ulijua nani kavaa koti lake na nani kavaa la mlangoni. Nilikuwa nawatazama matajiri wakinywea ndani ya makoti yale, na nilikuwa nafurahi. Sina sababu ya kudanganya.

Kisha mambo yakabadilika. Abiria wapya hawakutaka kuambiwa wavae nini, na kampuni ilitaka pesa zao. Kwanza ikaondolewa tai, baadaye koti, mwisho watu wakawa wanashuka kula chakula cha jioni na kaptula na ndala, mchanga wa ufukweni bado uko miguuni. Wazee waliozoea ya zamani waliendelea kujipamba. Namkumbuka bibi mmoja mjane aliyeshuka na gauni refu la kumetameta na glavu hadi kwenye viwiko, akapangwa meza moja na kijana mwenye jezi ya mpira. Kijana akamuuliza kama ndiye atakayewaimbia. Meza nzima ikacheka. Bibi naye akacheka, halafu hadi safari inakwisha akawa anakula chumbani kwake. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea sahani.

Makoti ya kuazima yalitiwa kwenye mifuko ya taka. Nilichomoa moja, nikalipeleka kwa baba.

Baba anaishi Chole, Kisarawe. Watu wakisikia Chole hudhani ni kule kisiwani, wakaanza kuuliza habari za pweza. Chole yetu ina mihogo, mikorosho na vumbi. Mama alishafariki, na baba alikaa peke yake akisubiri jambo moja tu, ndoa ya mdogo wangu wa kiume, mtoto wa mwisho, anayefanya kazi ofisini mjini na kulala Kibaha. Kwenye harusi za watu baba alishaona bwana harusi akimlisha baba yake keki mbele ya ukumbi, watu wamesimama, wanapiga makofi. Alilitaka hilo. Hakuwahi kutaka kitu kingine kwetu, hata bati la nyumba.

Koti alilipokea kwa mikono miwili. Alinitaka nimsimulie tena na tena habari za ule mlango.

"Kwa hiyo hata tajiri, kama hana koti, hali?"

"Hali, baba. Mpaka avae la pale pale."

"Basi hiyo ni nyumba yenye mwenyewe," alisema, akalikunja koti na kulitia kwenye sanduku la marehemu mama.

Sikumwambia kwamba mambo hayo yalishakwisha. Niliona haya kumwambia kuwa wenye meli wenyewe wameyatupa.

Mdogo wangu alimpata mchumba, binti wa watu wa bara wanaoishi Maili Moja, wasomi, wanaozungumza taratibu. Ikaundwa kamati ya harusi. Mwenyekiti akawa baba mdogo, yaani mdogo wake baba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na kitambi cha kutosha. Kamati ikaamua sare: kitenge cha bluu, mashati kwa wanaume, magauni kwa wanawake, na asiye na sare asiingie ukumbini. Ndivyo zilivyo harusi zetu siku hizi. Wazungu wamekubali kula na ndala, sisi tumechukua ule mlango wao na kuweka mabinti wawili wa kuulinda.

Kitambaa cha baba alisema atakipeleka mdogo wangu. Nilipomuuliza alinijibu, "Dada, nimeshamalizana na mzee." Nilipomuuliza baba, naye alinijibu kwamba hana shida ya nguo, anayo. Kila mmoja alisema kweli: walishakubaliana kwamba mzee atavaa yake. Kitambaa hakikupelekwa Chole, na baba hakukiulizia, kwa sababu kichwani mwake hakuna sare inayoweza kulizidi koti la mlangoni. Aliyejua pande zote mbili ni bwana harusi peke yake, naye alinyamaza.

Asubuhi, msikitini, baba alivaa kanzu na kofia na kila mtu alimpa heshima yake. Jioni akaja ukumbini na koti.

Mimi nilikuwa ndani, nimepewa usimamizi wa meza za chakula kwa kuwa ni "mtu wa melini". Ya mlangoni nimesimuliwa na shangazi aliyekuwa nyuma ya baba kwenye foleni. Mabinti wa kamati walimtazama baba kuanzia mabega yaliyoning'inia hadi mikono iliyofunika vidole, wakajiuma midomo wasicheke.

"Shikamoo mzee. Wasio na sare wanakaa nje, pale kwenye turubai. Chakula mtaletewa."

"Marahaba. Mimi ni baba wa bwana harusi."

"Baba wa bwana harusi yuko ndani, mzee wangu."

Na kweli alikuwemo ndani. Baba mdogo alikaa meza ya wazazi, shati la bluu limemkaa vizuri, anafuta jasho na leso ya rangi hiyo hiyo. Baba aliwekwa kwenye kiti cha plastiki karibu na jenereta, akaletewa wali kwenye kontena jeupe la kubebea chakula.

Shangazi alikuja kuniambia nikiwa nimeshika upawa. Niliuacha kwenye mchuzi, nikaenda moja kwa moja hadi meza ya maharusi, nikainama sikioni kwa mdogo wangu.

"Baba yuko nje."

"Najua," alisema, huku akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Mama mkwe keshaliona lile koti, kauliza ni nani yule. Dada, tusiharibu picha. Nitampelekea keki mwenyewe kesho."

Nilimwambia neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Aliendelea kutabasamu. Wakati huo huo mshereheshaji akashika kipaza sauti na kuita, "Sasa tunamwomba baba mzazi wa bwana harusi asogee mbele alishwe keki!" Muziki ukapigwa, na baba mdogo akanyanyuka taratibu, akicheza kidogo kwa mabega.

Nilikimbilia mlangoni. Spika nyingine ilikuwa imefungwa nje, kwa ajili ya watu wa turubai. Baba alikuwa ameshaitika. Ameliacha kontena kwenye kiti, amefunga vifungo vyote vya koti, amesimama mlangoni tayari kuingia, na yule binti amemwekea mkono kifuani, anamwambia asubiri kidogo, si yeye. Nyuma yangu makofi yakalipuka.

Baba alinitazama.

"Nani kala?"

"Baba mdogo."

Alifungua kifungo kimoja baada ya kingine. Kisha alirudi kwenye kiti chake, akalipakata kontena na kumalizia wali. Nilitamani aseme kitu, atukane, amlaani mtu. Alinitaka nimletee maji ya kunawa.

Keki ya kesho haikufika. Mdogo wangu na mkewe walikuja Chole baada ya muda mrefu, siku ya Jumapili, jua la mchana limesimama. Nilikuwepo, nimechinja kuku kwa amri ya baba, nimepika na wali wa nazi. Walisalimia vizuri, wakavua viatu. Mdogo wangu alikuwa na fulana na kaptula, kama wanavyovaa vijana wa mjini wakitoka. Baba aliwapokea akiwa na msuli na singlendi. Alifurahi, alimwita wifi yangu "mwanangu", akamkaribisha kwenye mkeka.

Mdogo wangu alipotaka kukaa, baba alimzuia. Aliingia chumbani, nikasikia kifuniko cha sanduku, akatoka na koti.

"Hapa kwangu mwanamume hali bila koti," alisema. "Muulize dada yako. Ndivyo wanavyofanya wastaarabu."

Mdogo wangu alicheka. Baba hakucheka, aliendelea kulishikilia koti, amelitanua kama mimi nilivyokuwa nikiwatanulia matajiri. Mkewe akatazama chini. Hatimaye mdogo wangu alipenyeza mkono mmoja, na wa pili, na baba akamfunga vifungo vyote, mpaka cha juu. Mabega yalining'inia. Alikaa, jasho likaanza kumtoka kabla hajanawa, na alipochota wali mkono wa koti ukaingia kwenye bakuli la mchuzi.

Baba hakuketi nasi. Alipakua wali wake na kipande cha shingo ya kuku, akatia kwenye kontena jeupe, lile lile la ukumbini. Kumbe alikuwa amelikosha na kulitunza. Akachukua kigoda, akatoka nje, akakaa juani na kuanza kula.

"Baba, njoo ndani," mdogo wangu aliita.

"Kula, mwanangu," baba alijibu. "Usiharibu picha."

Mimi ndiye niliyempelekea baba maneno hayo, usiku ule ule wa harusi. Mlango aliuacha wazi.