Salamu ya Mzee Lutufyo

Atupakisye alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya mtandaoni iliyorushwa kutoka chumba cha nyuma ya saluni, Ibighi. Kipindi chake kilipokea salamu ambazo wasikilizaji walizirekodi wenyewe kwa simu. Mzee Lutufyo wa Masoko alituma yake: "Nasikilisa ledio yenu, nawapenda sana."

Atupakisye aliyacheka matamshi hayo hewani. Wasikilizaji walifurahi mno, naye akaiweka sauti ile mwanzoni mwa kipindi kwa miezi minne.

Ndipo mjukuu wa mzee akapiga simu. "Dada, babu alikuwa anaongoza sala kanisani. Watoto wanamwigiza, siku hizi haombi hata mezani."

Kesho yake Atupakisye alipanda bodaboda hadi Masoko. Mzee alimwandalia ndizi, akamsikiliza akiomba radhi, akamjibu kwa Kinyakyusa tu.

"Nimekusamehe, mwanangu."

"Jumapili utaongoza sala, babu?"

"Hapana. Wapo wanaojua kusema."

Atupakisye aliifuta sauti ile redioni siku hiyohiyo, lakini ilikwisha kuenea kwenye simu za watu. Mteja akiicheza saluni, yeye huinuka akatoka nje.