Baba Mkwe Ndani ya Mnara

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Kazi yangu ni kuendesha mitambo ya baridi katika kiwanda kidogo cha maziwa upande wa Ikonge, na kitu ninachokiogopa kuliko vyote pale ni mnara wa kupozea maji. Wenzangu wanaogopa gesi ya amonia. Gesi angalau hunuka kabla ya kukudhuru.

Mnara wenyewe hauna maajabu. Maji yanayopoza mitambo hurudi yakiwa moto, hupandishwa juu, hunyunyizwa, kisha huteremka juu ya mabamba ya plastiki huku upepo ukipita katikati. Ni kama mama anavyomimina chai ya mtoto kutoka kikombe hiki hadi kile: kidogo kinaondoka na mvuke, kinachobaki kinapoa. Chuoni mjini Kisii tulifundishwa kwamba minara hutofautiana kwa namna inavyopata upepo. Ipo ile mirefu ya vituo vya umeme vya ng'ambo, isiyo na feni kabisa. Hewa ya moto hupanda yenyewe, na hewa baridi huingia chini kuchukua nafasi yake. Ipo yenye feni chini, ubavuni, inayosukuma upepo ndani. Ipo pia ambayo maji ya mitambo hayakutani na upepo hata kidogo. Hubaki ndani ya mabomba, na maji mengine humwagwa juu ya mabomba hayo. Wetu una feni juu kabisa, inayofyonza upepo kutoka chini. Vinyunyizio viko chini tu ya mapanga ya feni hiyo, na anayevisafisha huchuchumaa pale kisogo chake kikikaribia kuyagusa.

Aliyekuwa akivisafisha ni baba mkwe wangu, kibarua wa kiwanda.

Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana aibu. Mke wa mwana, kama mimi, haingii chumba anacholala baba mkwe, na hata iweje, hamwoni akiwa bila nguo. Sasa, kanuni ya kiwanda inasema kabla ya kuwasha feni, mwendeshaji apande ngazi, afungue kimlango, amulike ndani kwa tochi. Mzee naye alikuwa akifanya kazi na kichupi tu, kwa sababu utando wa kijani unaoota humo ndani hautoki kwenye nguo. Basi sikuwa nachungulia. Nilisubiri avae, ateremke, apite mlangoni kwangu akikohoa, ndipo niwashe. Swichi yetu haikuwa na kufuli.

Asubuhi moja ya usafi kikohozi sikukisikia. Wenzangu walikuwa wamekwenda chai, nikadhani ameandamana nao. Lori la maziwa likaingia, na meneja akaja mbio.

"Madam, washa hiyo kitu! Maziwa itaharibika."

"Ngoja niite kwanza."

Nikasimama chini ya ngazi, nikamwita baba kwa lugha yetu. "Tata! Uko ndani?" Kimya. Nikaita tena. Miguu ikakataa kupanda. Je, nikimkuta hivyo alivyo? Nikarudi chumba cha swichi, meneja akiwa nyuma yangu ananihimiza, nikaweka kidole kwenye kitufe.

Dirishani ninaliona bomba la maji machafu la ule mnara. Lilikuwa limekauka. Ghafla likatapika maji ya kijani, mkupuo mmoja mzito, na mvua haikuwepo. Mtu alikuwa amemwaga ndoo kule juu.

Niliangusha swichi kubwa, kiwanda kizima kikazima, nikakimbia nje na kupanda ngazi ile nikilia kwa sauti. Nikafungua kimlango. Baba mkwe wangu alikuwa amejikunyata kwenye kona, uso ukutani, shati amelikumbatia mbele, na panga la feni likiwa shubiri moja juu ya mvi zake.

"Nilikusikia," akasema kwa Ekegusii bila kugeuka. "Ningekuitikiaje, mwanangu, nikiwa hivi? Nikangoja uondoke, niendelee na kazi."

"Ungekufa, Tata! Ningekuua mimi!"

Nilimfokea mkwe wangu kama ninavyofokea ng'ombe aliyeingia shambani. Mficha uchi hazai, wanasema. Huyu alikuwa amezaa tayari, sasa alikuwa anaficha mpaka afe.

Kwa majuma kadhaa hatukutazamana. Nyumbani akiniona natoka kuchuma majani chai, anapitia nyuma ya migomba. Kiwanda kikanunua kufuli la swichi, ufunguo akawa anapanda nao mzee, lakini mimi sikupona. Kufuli mtu anaweza kulisahau, na aibu yake niliijua haisahau kitu, ingemnyamazisha tena. Usiku nilikuwa naota feni inazunguka na mimi nashindwa kufika kwenye kitufe.

Siku ya usafi ikarudi. Nikasimama chini ya ngazi, nikaita. Kimya. Nikashika ngazi, nikaita tena.

Kule juu ndoo ikagonga bati. Halafu sauti ya mzee ikatoka kwa nguvu, hadi akina mama waliopanga foleni ya maziwa langoni wakageuka wote:

"Niko ndani! Niko uchi! Usiwashe!"