Bosibori na Salamu za Hakimu

Bosibori alikuwa jirani yangu hapa Kapkatet, mjane mrefu, mwenye adabu za kizamani. Alifanya kazi katika kitalu cha miche ya chai cha serikali. Mwaka wa 1971 mlango wa trela ya trekta ulimwangukia begani, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haukupanda juu ya kifua. Kazi ikaisha. Akaomba fidia serikalini. Barua ikarudi: hapana.

Ni mimi niliyemsomea hiyo barua. Nilifika darasa la nane, na wakati huo la nane lilikuwa la nane kweli. Ilisema kwamba daktari wa serikali aliyempima alimwuliza hali yake, na yeye mwenyewe akajibu, "Mzuri sana."

"Mama Atuti, ulisema hivyo?" nikamwuliza Bosibori.

"Sasa ningesema nini, Gesare? Mtu amenisalimu! Nianze kumlilia hata kabla sijaketi?"

"Na mkono je?"

"Hakuangalia. Aliandika, akaita mwingine."

Nikamwandikia rufaa mimi mwenyewe. Bila fidia hiyo angerudi kwa ndugu zake na watoto watatu, aombe chumvi. Asubuhi ya kesi nilimfunga kitambaa kichwani, maana yeye hakuweza tena, tukaenda Kericho.

Hakimu aliingia shavu limevimba kama mtu aliyeficha kiazi mdomoni. Jino! Kila mtu aliona. Wakili wa serikali akasoma yale maneno "mzuri sana" mara tatu, akaketi kama mtu aliyeshiba.

Hakimu akamgeukia Bosibori. "Mama, habari yako?"

"Mzuri sana, bwana hakimu."

Nilifunga macho. Wakili akatabasamu. Lakini kwetu salamu haiachwi njiani, kwa hivyo Bosibori akaendelea:

"Na wewe, bwana hakimu, habari yako?"

"Mzuri," akajibu hakimu, ameshika shavu.

Korti yote ikaangua kicheko. Karani aligonga meza watu wanyamaze, na yeye mwenyewe mabega yanatikisika. Bosibori alinitazama, hajui amekosa wapi.

Hakimu akaitazama ile ripoti ya daktari, kisha akamtazama wakili.

"Mimi pia nimesema mzuri, na tangu juzi sijatafuna kitu. Mama, hebu inua mkono."

Ukafika kifuani, ukakataa.

Hakimu akaamuru apimwe na daktari mwingine. Huyo alishika bega lenyewe, na kabla ya Krismasi korti ikampa Bosibori haki yake. Akaenda Sotik akanunua ng'ombe wa maziwa, akamwita Rufaa. Alimkama kwa mkono wa kushoto miaka kumi na minne.

Ukimsalimu alikujibu "mzuri sana", hata kama Rufaa ndiyo kwanza amepiga ndoo teke. Lakini ukija na kalamu mkononi, alikuuliza kwanza:

"Hiyo ni salamu, ama unaandika?"